Kompyuta inazima ikijisikia: namna ya kuitega shida mpaka uikamate

Hii kila fundi ameshakutana nayo. Mteja anakuja na mashine kaibeba kwenye bodaboda, anasema fundi hii kitu inajizima yenyewe, unaichomeka, unaiwasha, inakaa masaa mawili inapiga kazi kama hamna kilichotokea. Mwenye mashine anaanza kuona aibu utafikiri kakudanganya. Unamwambia mama nenda nayo tu, ikirudia uilete. Hajafika hata Katubuka simu inaita, imezima tena. Kama mtoto aliyekesha na homa, akifika kwa daktari anacheka.

Mimi niko Kigoma mjini, upande wa Mwanga, na huku mazingira yenyewe yanakufundisha kwa nguvu. Fundi wa Dar akikosea kipuri anashuka tena Kariakoo, anabadilisha, jioni kamaliza. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, pawa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme kwenye kompyuta) ukiiagiza unaisubiri, inafika, unaifunga, halafu unakuta shida iko palepale, hela ya mteja ishaenda na maneno yameanza. Kwaiyo msimamo wangu siku hizi ni mmoja tu: shida ya kuja na kuondoka haitibiwi kwanza, inategwa kwanza. Ukishajua namna ya kuiita ije saa unayotaka wewe, kilichobaki ni kazi ndogo. Ukiwa huwezi kuiita, chochote unachobadilisha unacheza bahati nasibu kwa hela ya mtu.

Kabla ya bisibisi, uliza

Swali la kwanza sio "ina shida gani", hilo utajibiwa "inazima" basi. Uliza inazimaje. Maana kuna kukata ghafla kama mtu kachomoa waya ukutani, hapo unafikiria umeme, pawa saplai, swichi au joto. Kuna kujirestati yenyewe. Kuna kutoa skrini ya bluu yenye maandishi, hiyo mara nyingi ni ramu (vijiti vya kumbukumbu ya muda), disiki (panapohifadhiwa mafaili) au draiva (programu inayoendesha kifaa). Kuna kuganda, picha imebaki palepale na kama kulikuwa na mziki unabaki unang'ang'ania silabi moja trrrrr. Na kuna ile kioo kinakuwa cheusi lakini feni bado zinazunguka na ukibonyeza Caps Lock taa yake inawaka na kuzima, hiyo mashine haijazima kabisa, kilichokufa ni picha tu, na watu wengi wanaipeleka kwa fundi kama "imezima".

Swali la pili ni lini. Asubuhi ya kwanza kabla haijapata moto, au baada ya nusu saa? Kila siku au siku za mvua? Na la tatu, hili nililipia ada: kwenye soketi hiyohiyo kuna nini kingine?

Kuna dada ana stesheneri, desktopu yake ilikuwa inajirestati mara tatu nne kwa siku. Kwangu ilikaa siku mbili haikufanya hata mara moja. Nikabadilisha ramu, ikarudi. Nikaagiza pawa saplai, nikafunga, ikarudi. Nilikuwa tayari nimeshapiga bei ya mazabodi (bodi kuu ya ndani), ndio kijana anayemsaidia pale dukani, mtoto wa sekondari tu, akasema "bamdogo, mbona inazimaga tukianza kuprinti?" Nikaangalia chini ya meza. Printa ya leza na kompyuta ziko kwenye ekstensheni moja nyembamba ya bei poa. Printa ya leza ina hita ndani ya kuyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na ile hita ikiamka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, waya mwembamba unazidiwa, volti inashuka kwa kitambo kidogo tu lakini inatosha kompyuta kuanguka. Tukahamishia printa kwenye soketi ya ukutani peke yake, mchezo ukaisha. Nilimrudishia hela yake ya ufundi, na pawa saplai ya zamani ambayo haikuwa na kosa lolote ninayo mpaka leo.

Daftari, na daftari la mashine yenyewe

Mteja akiondoka na mashine mpe karatasi. Kila ikizima aandike saa ngapi, alikuwa anafanya nini, umeme ulikuwaje (taa zilififia?), na kama alisikia sauti yoyote. Wiki moja tu. Wengine wataona unawasumbua, ila karatasi ya mistari sita imeshaniokolea safari nyingi za kipuri, maana ukiisoma mpangilio unaonekana wenyewe, mfano kila mara ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku.

Mashine nayo ina daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `perfmon /rel`, utaona kalenda yenye alama nyekundu siku zilizo na tatizo. Halafu fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta mistari ya saa ile aliyoandika mteja. Hapa watu wanajichanganya sana: wanakuta Kernel-Power namba 41 wanasema tayari, pawa saplai imekufa. Hapana. Namba 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu, hata wewe ukichomoa waya kwa makusudi itaandika 41. Ukifungua undani wake ukakuta BugcheckCode ni 0, ujue Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, yaani umeme ulikatika au mashine iliganda kabisa. Mistari ya WHEA-Logger ndio ya kuitilia maanani, maana hapo hadiwea yenyewe imeripoti kosa. Disk namba 7 ni kwamba sehemu ya disiki haisomeki, 153 ni kwamba kusoma kulishindikana ikabidi kurudiwa.

Alafu zima ile tabia ya kujirestati ikitoa bluu, ili maandishi yabaki uyapige picha na simu: Advanced system settings, Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart. Dakika moja tu.

Na kabla hujaendelea kokote, kopi mafaili ya mteja. Kama tatizo ni disiki, kila jaribio unalofanya unaimalizia pumzi.

Anza nje, rudi ndani

Umeme wetu ni volti 230. Chukua mita, weka kwenye AC, pima soketi ileile anayotumia mteja, na upime saa ileile ya tatizo, sio saa nne asubuhi wakati mtaa umetulia. Waliokaa Kigoma enzi tunategemea majenereta ya dizeli wanajua taa kufifia jioni ilikuwa kitu cha kawaida. Na hata umeme wa mtaa ukiwa mzuri, nyumba yenyewe inaweza kuwa na soketi iliyolegea au jirani anachomelea mageti kwenye laini hiyohiyo. Kaa na mita dakika kumi. Ukiona namba inaruka kutoka 225 kwenda 180 na kurudi, usifungue kompyuta bado.

Ukigusa kava la chuma la kompyuta linakutekenya mkononi? Hapo uwezekano mkubwa ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) haipo au waya wake umekatika. Muite fundi umeme wa nyumba. Hilo sio la kuzoea, na usifanye ujanja wa kukata mguu wa ethi kwenye plagi.

UPS, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, nayo inadanganya. Watu wanajua wana UPS kwaiyo kukatika kwa umeme hakuwahusu, kumbe betri ilikufa mwaka juzi. Chomeka balbu ya wati 60 au 100 ya zile za zamani zenye waya unaowaka ndani badala ya kompyuta, halafu chomoa UPS ukutani. Balbu ikizima papo hapo, betri imekwisha. Stabilaiza (za kusawazisha volti) pia zina relei ndani inayogonga tak tak, zikichakaa zinakata kwa sekunde ndogo kila zikigonga, na kompyuta inaanguka hapohapo. Jaribu siku moja bila stabilaiza, ukiwa na uhakika volti iko sawa.

Sasa kitu cha bure ambacho karibu kila mtu anakiruka: swichi. Kitufe cha kuwashia kikinasa ndani kwa uchafu, mashine inaona umekishikilia, na ukikishikilia sekunde kama nne inazima. Cha kurestati kikinasa nacho kinaipiga restati hovyo. Fungua kava, chomoa ule waya mdogo ulioandikwa RESET SW kwenye mazabodi, uache hivyo, mashine haiuhitaji. Kama ni cha pawa, chomoa POWER SW baada ya mashine kuwaka, uone kama itaendelea kuzima. Nimeshatibu mashine kadhaa kwa namna hiyo, na mteja anakuangalia kama mchawi.

Ndani: vumbi, mafuta, wadudu na viungo vilivyolegea

Kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, hilo linajulikana, bloa inatosha, ila shikilia feni isizunguke wakati unapuliza. Kinachosumbua ni mashine zinazokaa karibu na jiko au biashara ya mawese. Mvuke wa mafuta unashika vumbi linakuwa kama udongo wa kufinyanga, bloa haliling'oi. Hapo ni brashi laini na ile spiriti safi ya kusafishia elektroniki, uvumilivu, na uiache ikauke kabisa. Usitumie petroli, tafadhali, nimeona. Angalia pia mende na sisimizi, wanapenda joto la pawa saplai, na mkojo wa panya unakula shaba kwenye bodi mpaka inakuwa ya kijani.

Baada ya kusafisha, zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili tatu kumaliza chaji iliyobaki, halafu chomoa na kuchomeka upya kila kiungo kimoja kimoja. Ramu, sugua meno yake kwa ufutio laini wa penseli kisha pangusa na spiriti. Plagi kubwa ya pini 24, na ile ya pini 4 au 8 ya prosesa (ubongo wa mashine), ziangalie plastiki yake kama imegeuka rangi ya kahawia, hiyo ni dalili ya moto wa kiungo kilicholegea. Kebo za disiki. Kadi ya picha, na skrubu yake.

Tazama kapasita, vile vikopo vidogo karibu na prosesa. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba au kimetoa ute wa kahawia umeshapata mshukiwa mkubwa. Na kama mashine asubuhi inagoma, unabonyeza mara tano sita ndio inaamka, halafu ikishaamka inapiga kazi siku nzima, ujue unashughulika na kapasita zilizochoka, za pawa saplai au za bodi. Zikiwa baridi hazifanyi kazi, zikipata joto zinajikaza. Kinyume chake, inayofanya kazi vizuri ikiwa baridi na kuharibika ikipata moto, hiyo ni joto au solda iliyopasuka, maana chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unafunguka.

Joto lina namba, usilipime kwa kiganja. Weka programu ya HWiNFO, inayosoma joto la ndani, iache irekodi kwenye faili, ipe mashine kazi nzito. Mashine ikizima prosesa ikiwa nyuzi 97 au 100, badilisha pesti (ile ya kupitisha joto juu ya prosesa), kaza hitisinki (chuma cha kuipoza), angalia feni. Ikizima ikiwa 60, acha kumlaumu joto la prosesa, tafuta kwingine.

Shida ikiwa bado inajificha, ndio unaanza kuichokoza. Mashine ikiwa imewaka, gonga taratibu sehemu mbalimbali za bodi kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, tikisa kebo moja moja kwa kidole, ila usiguse disiki ya kuzunguka. Nikikosa hapo naazima draya ya nywele kwa dada wa saluni ya jirani, napuliza moto wa wastani eneo moja moja, ramu kwanza, halafu karibu na prosesa, kwa umbali wa shubiri moja. Mashine iliyokataa kuugua siku tatu inaweza ikaugua ndani ya dakika mbili ukipuliza mahali penyewe. Raha yake usipime.

Ramu na disiki

MemTest86+, programu ya kupima ramu, ni ya bure, unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi, unaiacha usiku kucha. Kosa moja tu linatosha, ramu haina "kosa dogo". Ikitoa kosa, usikimbilie kununua. Toa vijiti vyote, weka kijiti A kwenye nafasi ya 1, pima. Kisha B nafasi ileile. Kisha A nafasi ya 2. Kosa likimfuata A kokote anakokwenda, A ni mbovu. Kosa likibaki nafasi ya 2 hata uweke nani, ni nafasi au bodi. Na kama mtu aliwahi kuongeza spidi ya ramu kwenye bayosi (mipangilio ya mashine kabla ya Windows), irudishe kwenye kawaida kabla ya yote haya, usije ukahukumu kijiti kisicho na hatia.

Disiki, fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya yake kwa mistari yenye namba. Mistari ya kuangalia ni 05, C5, C6 na C7. Tatu za kwanza zikipanda, disiki inakufa, kopi na ubadilishe. C7 ni habari nyingine kabisa, hiyo inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya disiki na bodi, yaani mara nyingi kebo, kitu cha hela ndogo. Namba yake hairudi nyuma hata ukibadilisha kebo, kwaiyo iandike leo, badilisha kebo, uangalie wiki ijayo kama imesimama. Nimeona watu wanatupa disiki nzima kwa ajili ya C7.

Pawa saplai

Usiifungue. Ndani kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 na zinabaki na chaji hata ukishachomoa.

Unapima nje, mashine ikiwa kazini, sio ikiwa imepumzika. Waya mweusi ni hasi. Njano itoe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.46. Ikitoka nje ya hapo, ni mbovu. Lakini ikiwa ndani ya hapo hujaisafisha bado, kwa sababu mita zetu za kawaida ni nzito kujibu, volti ikianguka kwa kitambo kidogo cha kupepesa jicho mita haioni. Ndio maana nina pawa saplai moja, vijiti viwili vya ramu, kebo za disiki na kadi ya picha ya kizamani ambavyo najua ni vizima, na havimo kwenye biashara hata mteja alie. Ukiwa fundi wa mkoani hivyo ndio stetoskopu yako. Unaazimisha kwenye mashine ya mteja siku kadhaa, shida ikitoweka ndio unaagiza, ukiwa na uhakika.

Laptopu kidogo

Hapa viungo vinavyotembea ndio wahalifu. Tundu la chaja, solda yake inapasuka kwa kuvutwavutwa, ukitikisa plagi taa inawaka na kuzima. Kebo ya kioo inayopita kwenye bawaba, ukifungua kifuniko pembe fulani picha inakuja, pembe nyingine inapotea, chomeka kioo cha nje ukiona picha huko iko safi umeshamaliza. Betri iliyovimba inasukuma kitachipedi mpaka kinajibonyeza chenyewe, mteja anasema mashine ina virusi. Hiyo betri itoe leo, usiitoboe, usiendelee kuichaji.

Kusubiri

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha ramu na pesti na kebo siku moja, ikipona hujui ulitibu nini na ikirudi huna pa kuanzia. Na usubiri kulingana na shida yenyewe: kama ilikuwa inazima kila baada ya siku mbili, kuiwasha saa moja dukani hakujathibitisha kitu. Kipimo changu ni mara tatu ya muda wake, yaani hiyo ya siku mbili inakaa siku sita bila kuzima ndio naiita mzima.

Hilo ndilo gumu kuliko yote, maana mteja hataki kusikia siku sita. Hapa ninapoandika kuna desktopu ya mwalimu mmoja wa Ujiji iko mezani, nimebadilisha plagi ya pini 4 iliyokuwa imeungua upande, leo siku ya nne haijazima, na mwalimu anapiga kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza kuuliza kama imeshapona. Namwambia keshokutwa mwalimu, keshokutwa.